Mkanda wangu si ule wa Mtaa wa Kongo

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlitoa ukurasa mzima kuhusu unene na njia za kupungua. Mkaeleza vizuri habari ya puto la tumboni, huduma ambayo hospitali ya Mloganzila wanaitoa siku hizi, mkaeleza na operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula. Kisha chini kabisa, karibu na tangazo la viwanja, mkaandika kwamba mkanda nao upo. Basi, hapo ndipo mlipoishia. Mimi nimekaa na huo mkanda miaka kumi na ulibakiza kidogo kuniua, kwa hiyo naomba nafasi niwamalizie.

Kwanza tuelewane neno. Ukisema mkanda Kariakoo, watu wanafikiria ile mikanda ya kubana tumbo inayoning'inia Mtaa wa Kongo, unavaa ndani ya gauni siku ya shughuli ukirudi nyumbani unaivua. Ukisema mkanda hospitali, wanafikiria mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa vipele. Ninaousema mimi ni pete ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula kwa operesheni ya matundu madogo. Juu ya pete kinabaki kijifuko cha kuingia vijiko viwili vya chakula tu, ukila kidogo umeshiba. Kwenye pete kuna mrija, na mrija unaishia kwenye kitufe kilichoshonewa chini ya ngozi; changu kilikuwa kushoto, chini ya mbavu. Daktari akichoma sindano kwenye kitufe na kuingiza maji ya chumvi kama yale ya dripu, pete inavimba kwa ndani na kubana. Akiyatoa, inalegea. Puto ni kitu kingine: linapitishwa mdomoni bila kupasua, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Mkanda unawekwa ukae.

Niliwekewa India mwaka 2013. Nilikuwa na kilo 118 na urefu wangu ni sentimita 158, fanyeni wenyewe hesabu. Sukari ilishaanza, magoti yalishachoka, na stoo yangu ya vitenge iko ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Niliuza kiwanja changu cha Chanika. Aliyejua ni mume wangu peke yake. Wengine wote, wakwe, mawifi, majirani wa Tabata, niliwaaga kwamba nafuata mzigo China. Nikarudi mikono mitupu, nikasema mzigo umekwama bandarini. Bandarini mizigo hukwama, hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Ndani ya mwaka mmoja na nusu nikafika kilo 81. Wateja wakawa hawanitambui. Wakiuliza nimefanya nini, nawaambia ndimu na mdalasini, asubuhi kabla ya chai. Nilikuwa nalisema hilo huku nawapimia kitambaa, bila hata kupepesa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nisingependa msomaji adhani nimekuja kulaumu madaktari tu. Mkanda hauwekwi ukasahauliwa. Unatakiwa kurekebishwa kidogo kidogo, maji yanaongezwa tone kwa tone, unaenda nyumbani, unaangalia unakulaje, unarudi. Anayeishi jirani na hospitali yake anaweza kurudi hata mwezi ujao. Mimi daktari wangu alikuwa ng'ambo ya bahari. Kila marekebisho ni tiketi, viza, hoteli, na duka limefungwa. Mwaka 2015, safari yangu ya tatu, nilimwomba daktari anijazie kabisa ili nisirudi tena karibuni. Akakataa. Nikambembeleza kama mtu anayeomba kukopeshwa, akaongeza. Nikaondoka na mililita 8 ndani yangu na furaha tele, najiona mjanja.

Chakula kikaanza kukwama. Chapati haikupita, mkate haukupita, nyama ya ng'ombe ndiyo usiseme. Kwanza inakuja kwikwi moja. Halafu maumivu katikati ya kifua yanayopanda hadi bega la kushoto. Halafu mdomo unajaa ute, mwingi, mzito kama wa bamia, na ukishafika hapo una dakika moja ya kutafuta choo. Si kutapika kwa kawaida, hakuna hata uchachu, tonge linarudi vilevile lilivyoingia. Harusini nilikuwa nabeba mfuko wa rambo kwenye pochi, enzi hizo haijapigwa marufuku. Pilau ya watu naipeleka peleka kwenye sahani na kijiko, nasifia mpishi.

Na kuna mtego ambao hakuna aliyenionya. Ugali na nyama vinagoma, lakini aiskrimu inateleza. Soda inateleza, biskuti ukichovya kwenye chai zinateleza. Mtu mwenye njaa hula kinachopita. Nikawa natapika chakula cha maana na kubakiza sukari.

Mwaka 2016 nilianza kukohoa usiku. Nilikwenda zahanati na, nawaapia, siku hiyo nilisema ukweli. Nilimwambia tabibu: "Nina mkanda tumboni." Akaniambia nipandishe blauzi aone vipele. Nikamweleza si vipele, ni wa kuwekewa. Akacheka, si kwa ubaya, akaniuliza kama natania. Nikashusha blauzi na tangu siku hiyo sikumwambia daktari mwingine yeyote. Nimetibiwa kifua mara nne. Nimetibiwa taifodi. Nimekunywa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi. Kumbe kilichokuwa kinanikohoza ni maji na chakula kilichobaki juu ya pete. Nikilala kinapanda kooni na kidogo kinaingia mapafuni. Nilikuwa nalalia mito mitatu na kumwambia mume wangu ni mgongo. Na kwa huo mgongo nikawa nameza diklofenaki kama karanga, ambazo mwenye mkanda hatakiwi kuzizoea kabisa, kwa sababu zinachubua mfuko wa chakula na pete inaweza kula ikazama ndani ya nyama.

Nauza khanga zenye maneno ya kila namna. Ile ya mficha maradhi nimeikunja na kuikunjua miaka yote hiyo bila kujisomea.

Oktoba 2023 nilitapika wiki tatu. Mwishoni hata maji hayakushuka, kisha hata mate. Nilikuwa natema kwenye kopo. Vidole vya miguu vikafa ganzi, nikisimama nayumba. Usiku mmoja tumbo lilishika kwa namna ambayo sijawahi kuzaa mtoto nikaumwa vile. Mume wangu alikuwa Tunduma. Wifi yangu, dada yake, alikuwa amelala kwetu; akaita bajaji tukashuka Barabara ya Mandela saa nane za usiku, mimi nimejikunja nyuma, kopo mkononi.

Pale hospitali daktari kijana akauliza, kalamu juu ya faili: "Mama, umewahi kufanyiwa operesheni yoyote?" Wifi amesimama pembeni, ameshika pochi yangu. Nikasema hapana.

Mhariri, nilikuwa nakufa na nikasema hapana.

Aliyeniokoa ni nesi. Alikuwa ananigeuza anifunge mashine ya presha, mkono wake ukapita chini ya mbavu. Ukasimama. Akarudisha vidole viwili, akakibonyeza kile kitufe polepole, akakizunguka. Akaona na vile vikovu vidogo vya matundu. Akanitazama, akamtazama wifi, akamwambia kwa upole: "Dada, hebu tuletee maji ya kunywa kantini." Kantini ilikuwa imefungwa tangu jioni na yeye alijua. Wifi alipotoka akainama sikioni kwangu: "Mama yangu, hiki ni nini?"

Nikamwambia chote kwa pumzi moja. Hakucheka. Alitoka mbio.

Walinipiga picha. Pete inaonekana vizuri kwenye filamu. Ikiwa mahali pake hulala mshazari, unaiona kama kamstari kanakoelekea bega la kushoto. Yangu ilikuwa imejilaza imefunguka kama herufi O. Maana yake sehemu ya chini ya mfuko wa chakula ilikuwa imepanda na kupenya juu ya pete, ikanyongwa hapo. Ikikaa hivyo, damu haipiti, na nyama isiyopata damu huoza. Kutapika sana huleta hali hiyo, na kubanwa kupita kiasi huleta kutapika. Mililita zangu 8 za ujanja.

Daktari bingwa wa upasuaji aliamshwa kwa simu. Jambo la kwanza alilosema, kabla hata ya kuja, ni kwamba nichomwe vitamini B1 kabla ya dripu yoyote ya glukosi, kwa sababu mtu aliyetapika wiki tatu ameishiwa nayo, na glukosi peke yake ingemaliza kile kidogo kilichobaki na kunidhuru ubongo. Ile ganzi ya miguu ndiyo ilikuwa dalili. Jambo la pili ni kutoa maji kwenye pete. Hapo ndipo tukakwama. Kitufe kina sindano yake maalumu, ncha yake imetengenezwa isikate silikoni. Ni ya aina ileile wanayotumia kwa wagonjwa wa saratani waliowekewa kitufe cha dawa kifuani. Usiku ule haikupatikana. Wakapiga simu huku na huku. Mwishowe yule bingwa alifika mwenyewe, akasafisha ngozi, akachukua sindano nyembamba ya kawaida na kusema kitufe kikivuja kivuje, mama kwanza.

Bomba likajaa maji meupe, safi kabisa. Nilimeza mate. Hamjui utamu wa kumeza mate.

Siku mbili baadaye walinitoa pete yote, kwa bahati hakuna kilichooza. Wifi alikuwa amerudi usiku uleule na chupa ya maji aliyoitafuta hadi barabarani, akakuta siri imeshatoka. Alikaa kimya hadi baada ya operesheni, halafu akaniuliza: "Sasa ule mzigo wa China?" Tulicheka mpaka mshono ukaniuma.

Leo nina kilo 96. Uzito hurudi pete ikitoka, sitawadanganya. Ganzi ya miguu ilichukua miezi kuisha. Daktari ameniambia njia nyingine zipo, nami sijaamua. Na simkatazi mtu: nilipata miaka mitatu ya kupanda ghorofa ya tatu bila kuhema, na siitupi.

Ombi langu kwenu ni kwamba mkiandika tena kuhusu mkanda, mwandishi wenu aulize hospitali zetu za Dar es Salaam swali moja: mgonjwa mwenye mkanda akiletwa saa nane za usiku, hiyo sindano iko kabati gani, na nani zamu ya usiku anajua kuitumia? Ni kitu kidogo, kinakaa kwenye droo. Na anayefunga mabegi kwenda nje kuwekewa, aulize kabla ya kukata tiketi nani hapa nyumbani atamlegezea. Kama hakuna, basi mkanda wa kuongezwa maji safari hadi safari asiutake. Ile karatasi ya hospitali inayotaja aina ya mkanda na kiasi cha maji yaliyomo aitembeze kwenye pochi kama kitambulisho, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo. Yangu ilikuwa chini ya godoro.

Kwa mlionao tayari, najua mpo. Nimewaona kwenye shughuli, mnapeleka kijiko mdomoni na kukirudisha, mnasifia mpishi. Maji yakigoma kushuka, hiyo si ya kusubiri kesho. Kikohozi kinachokuja ukilala huenda si kifua. Kitufe kikivimba na kutoa usaha miaka mingi baada ya operesheni, au njaa ikirudi ghafla kana kwamba pete haipo, huenda imeanza kuzama ndani ya mfuko wa chakula. Nendeni mkapitishwe kamera. Na mkiulizwa kuhusu operesheni, semeni ndiyo, hata wifi akiwa amesimama hapo. Mkisema mkanda wakatafuta vipele, shikeni mkono wa daktari muuweke juu ya kitufe.

Kuna mteja wangu mmoja wa Buguruni aliyekunywa ndimu na mdalasini miezi minane kwa maneno yangu, akaja kuniambia kiungulia kinamuua na hajapungua hata kilo. Nilimwambia aongeze ndimu. Dada, kama unasoma hili, njoo dukani. Nina doti yako ya khanga nimeiweka pembeni, hulipi.

Mama Nasra,
Tabata Kimanga,
Dar es Salaam