Barua ya wazi kwa ninyi mnaosema umri umekwenda

Wadogo zangu,

Nawaandikia ninyi mliovuka arobaini, ambao kila kompyuta ikitajwa, au lugha mpya, au hata hesabu za kikundi, mnacheka na kusema, "Hayo tuwaachie vijana." Utani huo nimeusikia mno, na siku hizi nasikia hofu ndani yake. Nikiwabana mnanitolea methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya walezi. Haikutungwa ili mtu mzima apate ruhusa ya kukaa.

Nina neno moja tu. Mnangoja mjiamini kwanza ndipo mjifunze, na mtangoja sana, maana kujiamini huja baada ya kufanya. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza imani ya mtu juu ya uwezo wake inatoka wapi: mambo aliyoyajaribu akayaweza, kumwona mwenzake akiyaweza, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili, kama vile moyo kwenda mbio. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Ndiyo maana semina za kutiana moyo huwapa joto la jioni moja. Asubuhi fomu iko palepale, na kuijaza bado hamjui.

Hebu tuitazame fomu hiyo. Baba anatakiwa kuijaza kwenye simu, anamwita mwanawe. Mtoto anainyakua simu, vidole vinakimbia, "Tayari, baba." Fomu imekwenda, ila somo alilobaki nalo baba ni kwamba bila mtoto hawezi. Mara nyingine ataita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Sasa simu na ibaki mkononi mwako wewe. Mtoto aweke mikono nyuma, aelekeze kwa mdomo. Utakosea nywila, utarudishwa mwanzo, mtoto ataguna. Mwache agune. Siku utakayobonyeza mwenyewe na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, hutahitaji mtu wa kukuambia kwamba unaweza.

Jihadharini, lakini, na kujiamini kwa uongo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitoa utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo. Waliorudia kusoma kifungu kilekile waliamini watakikumbuka vizuri. Baada ya wiki moja walizidiwa na wale waliokuwa wakifunika maandishi na kujilazimisha kukumbuka. Kurudiarudia kunabembeleza, kujipima kunachoma, na ndiko kunakobaki. Basi ukimaliza somo funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Aliyezoea kujipima hivyo hababaiki akiulizwa mbele za watu, kwa sababu anajua mipaka ya anachokijua. Kusema "hilo bado sijalifikia" bila kutazama chini ni sehemu ya kujiamini pia, tena kwangu mimi ndiyo sehemu bora.

Kuhusu aibu sitawadanganya, ipo, na ndiyo ada kubwa ya mwanafunzi mwenye mvi. Kimani Maruge wa Kenya aliilipa mbele ya dunia nzima: aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akavaa sare, akakaa na watoto. Ninyi mna miaka hamsini mnaniambia mmechelewa!

Msichague mambo mengi. Jambo moja, tena lile linalowafanya mkwepe watu sasa hivi, hata kama ni dogo la kuchekesha. Mwalimu naye mchagueni kwa makini. Anayesema "mbona rahisi" kila mnapokwama mwageni mapema. Mtafuteni aliyejifunza juzijuzi, ambaye bado anakumbuka alikwamia wapi. Na ukishaweza hatua moja, mfundishe mwenzio kabla hujaenda ya pili. Utakapoanza kumung'unya maneno katikati ya maelezo, hapo ndipo pa kwenda kurudia.

Mkubwa wenu