Kodi ya ofisi nayo ni msaada

Mhariri,

Mimi ni mhasibu wa shirika dogo la hisani katika Kaunti ya Kilifi. Kazi yetu ni kuwafuatilia wagonjwa walioacha kwenda kliniki kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Siku hizi, tunapobisha hodi kwa wenye uwezo wa hapa hapa kwetu, wanatupokea vizuri na kuahidi kutoa, kisha wanaweka sharti moja: pesa yote iende kwa wagonjwa, isiliwe na ofisi.

Hofu yao naielewa. Watu wameona magari ya kifahari na semina za hotelini. Lakini ofisi yetu ni chumba kimoja cha kupanga chenye kabati la chuma. Humo kabatini mna rejesta: jina, kijiji, siku mtu alipoonekana kliniki mara ya mwisho, na pembeni, kwa kalamu, maelezo ya kumpata. "Nyumba ya pili ukipita mkwaju." "Asipigiwe simu usiku, mumewe hajui." Funguo za kabati hilo ni mbili tu.

Ufadhili wetu ulitoka Marekani, tukipitishiwa na shirika kubwa. Rais Trump alitoa agizo la kusimamisha misaada ya nje Januari 20, 2025, na kabla mwezi haujaisha tukapata barua ya kusimamisha kazi. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Wengi hudhani hapo ndipo tulipoanguka, kumbe tulikuwa tumeshakonda. Bajeti yetu iliandikwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Agosti ilikuwa kama 129. Kila dola elfu ikatufikia ikiwa imepungua shilingi 30,000 hivi, na mwenye nyumba na boda boda bei zao zikawa zile zile. Juu yake ukaja ushuru wa nyumba za bei nafuu, ambao mwajiri naye hutoa asilimia 1.5 ya mshahara, na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uliopanda tena Februari 2025. Hayo ni matakwa ya sheria na nimeyalipa, ila mkataba wa ufadhili haukuyatengea hata shilingi.

Akiba je? Watu hutuuliza sana, tena kwa lawama. Mkataba ulipofungwa, salio lote lilirudi kwa mfadhili, kama tulivyokuwa tumetia sahihi. Ndivyo ilivyo kwa mashirika mengi madogo: unafanya kazi miaka nenda miaka rudi na huna kodi ya mwezi mmoja mbele.

Sasa tunategemea wenyeji, na nashukuru kwa kila mchango. Ila mtu akitoa shilingi 50,000 na kusema zote ziwe nauli za wagonjwa, mimi nabaki na nauli na sina wa kumtafuta mgonjwa, wala wa kuandika kwamba amepatikana. Hata hesabu ambazo sheria inatudai kila mwaka lazima zikaguliwe, na mkaguzi hakagui bure.

Ninachoomba kwa kampuni, kamati za misikiti na makanisa, na serikali ya kaunti ni hiki: katika kila mchango, ruhusuni sehemu ilipe kodi, umeme na mshahara wa anayeshika vitabu. Halafu tuiteni tusome hesabu mbele yenu, risiti kwa risiti. Mimi nitakuja na mafaili yangu siku yoyote mtakayotaja.

Mwenye nyumba ametuvumilia miezi miwili, na ametuambia waziwazi kwamba wa tatu hataweza. Kabati lile tutalipeleka wapi, kwa nani, watu wale wabaki salama?

Mhasibu wa shirika la hisani,
Kilifi