Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa NACTVET: Mwanafunzi wa fildi aulizwe amekuja kutafuta nini

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi,
Dodoma.

YAH: LOGIBUKU ZA WANAFUNZI WA FILDI

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Mufindi, kwenye karakana ya kiwanda cha chai ambako nimekuwa fundi kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka napokea vijana wa fildi, yaani wanafunzi wa vyuo wanaokuja kujifunza kazi kwa vitendo, wanne au watano, wengi wao wa stashahada ya ufundi mitambo. Wanakuja na barua ya chuo, ovaroli mpya na logibuku, kitabu cha kuandika kazi waliyofanya kila siku. Mimi ndiye ninayezisaini logibuku hizo, na nimezisaini nyingi kiasi cha kuona nina wajibu wa kukueleza kilichomo ndani.

Jumatatu: kusafisha mashine. Jumanne: kubadilisha beringi. Jumatano: kusafisha mashine. Wino ni mmoja na mwandiko wa haraka ni ule ule kutoka wiki ya kwanza hadi ya nane, maana kitabu kizima kimejazwa usiku mmoja, mwalimu wa chuo anapotarajiwa kesho yake kuja kukikagua. Mwalimu naye akifika ana vituo vingine vitatu vya kuzungukia kabla jua halijazama. Anapekua kurasa, ananiuliza kama kijana anawahi kazini, najibu anawahi, anasaini, anaondoka. Simlaumu, kwa sababu hajapewa muda. Wala kijana simlaumu. Hakuna mstari hata mmoja kwenye kitabu kile unaomuuliza alikuja kutafuta nini, na kama amekipata.

Nikueleze habari ya binti mmoja aliyekuja kwetu miaka mitatu iliyopita.

Siku ya kwanza huwa nawauliza wote: umekuja kujifunza nini? Jibu la kawaida ni "yote tu, fundi." Yeye alinyamaza. Kesho yake asubuhi akanipa kipande cha karatasi chenye mambo mawili. La kwanza, alitaka ajue kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya kufungua mashine. La pili, alitaka aache kuogopa kuuliza swali mbele ya wanaume. Nilikibandika ndani ya mlango wa kabati la spana, na kila Ijumaa jioni tulikuwa tukikisoma kwa dakika kumi, mimi na yeye.

Wiki ya tatu beringi, kile kifaa kinachoishika shafti izunguke kwa wepesi, ya feni moja ya kunyaushia ikafa. Feni hizi ndizo zinazosukuma hewa chini ya vitanda virefu vya wavu, ambako majani mabichi hutandazwa yapungue maji kabla ya kwenda kusagwa. Feni ikisimama, jani linapata joto na kuanza kubadilika rangi pale pale kitandani, na chai yake haitakuwa chai. Basi tukabadilisha beringi mbio mbio. Yeye akakaza mkanda unaoizungusha feni, mimi nikapita, nikatazama kwa jicho, nikasema sawa. Siku ya tisa beringi mpya ikafa.

Kwenye logibuku yake utakuta "kubadilisha beringi" mara mbili, na saini yangu chini ya zote mbili. Lakini alikuwa na daftari lake dogo la kawaida, la kurasa arobaini na nane, ambalo hakuna aliyemwagiza aliandike. Ijumaa ile alinifungulia, mkono ukimtetemeka. Alikuwa ameandika kwamba alikaza mkanda mpaka ukawa mgumu kama ubao kwa kudhani ndiyo kazi nzuri. Kwamba mkanda uliokazwa kupita kiasi huivuta shafti upande mmoja, na beringi inabeba mzigo usio wake. Na kwamba hakuuliza ukazwe kiasi gani kwa kuogopa kuonekana hajui. Nikasoma mara mbili. Kosa lilikuwa langu vilevile, na nikamwambia hivyo. Tangu siku ile, kwetu anayekaza mkanda anaubonyeza katikati ya puli mbili na kumweleza mwenzake kwa sauti kwa nini ameishia hapo.

Mwalimu wake alipokuja, nilimwambia binti amwonyeshe daftari. Akalisukuma chini ya sanduku la zana. "Fundi, watanikata alama," akaninong'oneza.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko lingine lolote katika kazi ya kulea vijana. Kilichosainiwa kilikuwa kitupu, na kilichojaa kilifichwa. Na alikuwa na sababu: kitabu kinachosainiwa na mwenye karakana na kusahihishwa na chuo, nani ataandika humo kwamba ameharibu?

Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ilitaka mtoto wa Tanzania awe mdadisi, ajifunze kwa wanayofanya wengine, ayakatae au ayarekebishe yamfae, na ajiamini. Mitaala mnayoidhinisha leo inaitwa ya umahiri. Mimi naona daftari lile dogo liko karibu zaidi na maneno yote hayo kuliko logibuku nilizosaini.

Ninachoomba si kitabu kipya kinene. Naomba kijana asiondoke chuoni kabla ya kukaa na mwalimu wake na kuandika malengo mawili au matatu, moja likiwa la ufundi na moja likiwa la yeye mwenyewe kama mtu, na nakala inifikie mimi ninayempokea. Sasa hivi barua ya chuo inanipa jina, kozi na tarehe basi. Nikijua anachotafuta, sitamwacha wiki mbili anafagia.

Naomba pia ukurasa mmoja kwa kila wiki ambao mimi siusaini wala sina haki ya kuusoma asipotaka: nilikosea wapi, niliona nini kilichonishangaza, lengo langu limefika wapi. Alama zitolewe kwa kuuandika na kuuzungumzia, asiadhibiwe kwa kosa alilolikiri. Mwalimu akija, dakika ishirini za ziara yake ziwe za kuzungumza na kijana juu ya ukurasa huo. Na wakirudi darasani wasikilizane, maana aliyekuwa kwenye kiwanda cha chai na aliyekuwa kwenye gereji ya malori wamekutana na mikanda ile ile.

Wenzangu wenye karakana watasema hawana muda. Kwangu ni dakika kumi kila Ijumaa, na feni zetu zinanidai muda zaidi ya huo zisipotunzwa.

Fildi ni wiki nane. Naomba kurasa nane.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mkuu wa karakana,
Mufindi, Iringa.