Barua kwa mwanangu anayekwenda kujitolea kwenye nyumba ya kihistoria

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umejiandikisha kujitolea kwenye ile nyumba ya kihistoria usiku wa sikukuu. Vaa viatu bapa, tena ulivyokwisha kuvizoea. Kisigino chembamba hutoboa sakafu kuukuu ya mbao, maana uzito wote wa mtu huangukia kijisehemu kidogo. Nawe utasimama saa nyingi, kwani viti vya mle si vya kukalia.

Mishumaa huenda ikawa ya betri. Wapo watakaonung'unika. Waambie kwa upole kwamba, mbali na hatari ya moto, masizi hupanda mpaka darini yakagandia huko. Hata giza lina sababu zake: vitambaa na michoro ya rangi za maji huwekewa mwanga hafifu, kiasi cha luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa kuwa mwanga hupausha rangi na rangi ikishapauka hairudi.

Watu watagusa, mapazia hasa. Wengi si wakorofi, mkono umewatangulia tu. Usimfokee mtu. Msogelee, muulize kama ameona pindo lilivyoshonwa kwa mkono; atainama kutazama, na mkono atauondoa mwenyewe.

Sasa lile ninalolitaka zaidi. Wageni watauliza habari za wenye nyumba: walioana na nani, walikula nini, nani alilala wapi. Wajibu. Kisha, kama inaruhusiwa, waonyeshe ngazi za nyuma. Nyumba nyingi kubwa za zamani zilijengwa na ngazi mbili, moja ya familia na wageni, nyingine nyembamba ya watumishi, ili anayebeba maji ya moto au ndoo ya majivu asionekane. Watazame vidato vilivyolika katikati. Sikukuu ya bwana ilikuwa kazi ya kutwa kucha kwa mpishi na kwa binti wa kuosha vyombo, na mara nyingi majina yao hayamo kwenye vibao vya maelezo. Mimi hilo huniudhi, sikufichi.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, umwite msimamizi. Ukibuni, mgeni ataondoka nalo kama historia.

Wakati wa kufunga, piteni chumba kwa chumba kuanzia juu mkishuka, mchungulie na nyuma ya milango. Hakosekani mmoja aliyenogewa.

Mama yako