Risala ya Vijana wa Malezi ya Kambo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walezi wetu wapendwa, maafisa ustawi wa jamii, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla hii ya kuwaaga wenzetu wanaotimiza umri wa kutoka katika malezi ya kambo, yaani kulelewa na familia zisizo zetu za kuzaliwa chini ya uangalizi wa maafisa ustawi wa jamii.

Mheshimiwa, kijana anayeishi na wazazi wake haondolewi nyumbani siku anapotimiza miaka 18. Akikosa kazi hurudi, akiugua huuguzwa, akiishiwa husaidiwa. Sisi, siku hiyo hiyo, twaweza kupoteza chumba, mlezi na afisa aliyekuwa akitufuatilia, vyote kwa mpigo. Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inaelekeza kwamba maandalizi ya kujitegemea yaanze mapema, kijana akiwa bado yuko kwa walezi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2008 iliyaruhusu majimbo kutumia fedha za serikali kuu kuendeleza malezi hadi miaka 21. Hatuitaji nchi hiyo kana kwamba mambo yake yote ni shwari, la hasha, kwani huko nako wapo wanaoishia kulala nje. Tunaitaja kwa kuwa imekiri kisheria kwamba miaka 18 haitoshi.

Kupika, kupanga matumizi na kuandika barua ya kuomba kazi tumefundishwa, na tunashukuru. Linalotutesa zaidi ni hati. Kijana aliyehamishwa kutoka familia moja hadi nyingine huacha cheti cha kuzaliwa huku, kadi ya chanjo kule, na matokeo ya shule katika jalada la afisa ambaye naye amekwisha kuhamishwa. Bila hati hizo hupata taabu kufungua akaunti ya benki au kujiandikisha chuoni, na mwenye nyumba akimtaka alete mdhamini, hana wa kumleta. Wapo hata wasiojua ndugu zao wa tumbo moja wanaishi wapi, kwa sababu walitenganishwa wakiwa wadogo na hakuna aliyeandika anwani.

Kwa hiyo tunaomba kila kijana, miaka kadhaa kabla ya kuondoka, aketi na mlezi na afisa wake waandike mpango wa kutoka, naye awe na kauli katika mpango huo. Akabidhiwe hati zake zote kabla ya siku ya kuondoka. Na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, atakayeendelea kupokea simu yake hata baada ya malezi kukoma kisheria. Ombi hili la mwisho ndilo tunalolitamani kuliko yote. Baadhi ya walezi walioketi hapa wanalitekeleza tayari, bila malipo wala agizo la mtu. Tunachotaka ni lisitegemee bahati ya kijana kuangukia mikononi mwa mlezi mwema.

Mheshimiwa, tunakusihi uyafikishe maombi haya kwa wanaopanga bajeti ya ustawi wa jamii, kabla kundi linalofuata halijatimiza umri wa kuondoka.

Tunaomba kuwasilisha.