Bei ile ile, nyanya tatu

Ndugu Mhariri,

Sijaandika gazetini tangu nilipostaafu kufundisha hesabu shule ya msingi, na nilikwisha kuapa kuwa sitaandika tena. Kichwa chenu cha wiki iliyopita kimenivunjisha kiapo. Mmetuambia bei za vyakula zimeshuka. Chini yake, kwa herufi ndogo, habari yenyewe inasema mfumuko wa bei wa vyakula na vinywaji baridi umepungua. Hayo ni mambo mawili. Tuseme kilo ya maharage ilikuwa shilingi 2,000, mwaka uliofuata ikawa 2,600, mwaka huu ni 2,700. Mfumuko umetoka asilimia 30 hadi chini ya 4. Bei imeshuka lini? Ofisi ya Taifa ya Takwimu, tuwape haki yao, huwa wanaeleza wazi kwamba kinachopungua ni kasi ya kupanda. Ninyi mnairuka sentensi hiyo mkakimbilia kichwa cha habari.

Sasa nisikilizeni. Mwezi uliopita nilimtuma mjukuu wangu wa miaka tisa sokoni na shilingi 1,000, alete mafungu mawili ya nyanya. Akarudi na nyanya sita. Mimi nimezoea kumi. Nikamuuliza nne amempa nani. Akasema bibi, ndizo nilizopewa. Nikamwita mwongo, na soda yake ya Jumapili nikamnyima. Kesho yake nikaenda mwenyewe na kijiti changu cha kutembelea. Meza ni ile ile, fungu ni shilingi 500 kama siku zote, ila nyanya ni tatu, na ile ya chini imepondeka ikageuziwa upande mzuri. Nikauliza kulikoni. Muuzaji akanijibu kwa adabu zote, "Bibi, bei hatujapandisha." Na kweli hakupandisha! Nyanya moja imetoka shilingi 100 hadi karibu 167, yaani asilimia 67, bila mtu kufungua mdomo kusema imepanda. Ikabidi mwalimu mzima nikamwombe radhi mtoto wa darasa la tatu, na soda juu. Nayo hiyo soda, ukiitazama chupa ya plastiki, kiuno kinazidi kuwa chembamba.

Najua kanuni ya kupima mfumuko: bei inapaswa kuhesabiwa kwa uzito, siyo kwa fungu. Basi mwandishi wenu angeuliza tu nyanya za sokoni zinapimwaje, kwa mizani au kwa macho. Hakuuliza.

Hakuuliza pia habari ya kapu, yaani orodha ya bidhaa na huduma ambazo bei zake hutumika kupima mfumuko. Tangu Januari 2021 kapu la taifa lina bidhaa na huduma 383, na bei zake hulinganishwa na zile za mwaka 2020. Kabla ya hapo vyakula na vinywaji baridi vilikuwa na uzito, yaani sehemu yao katika matumizi yote ya kapu, wa asilimia 38.5, sasa ni 28.2. Uzito huo umetoka kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, sibishi. Lakini hilo ni kapu la kaya zote, na mwenye matumizi makubwa ndiye anayelivuta upande wake. Usafiri peke yake una asilimia 14.1. Wali wa mama lishe haumo kabisa kwenye kundi la vyakula, umewekwa na migahawa na malazi. Mimi nina daftari la matumizi tangu nikiwa kazini, na pensheni yangu zaidi ya nusu inaishia jikoni. Nyanya zikipanda kwangu, kapu hilo hata halitikisiki.

Na hapo sijasema habari ya chenji. Duka la mtaani kwetu shilingi 100 huwa haipo. Unapewa pipi mbili, ukilalamika unaongezewa kiberiti. Kwa takwimu pipi ni chakula, kwa hiyo nadhani nimo kwenye hesabu kama mlaji mzuri wa sukari, na meno yenyewe ninayo manne.

Pendekezo langu ni dogo. Kila taarifa ya mwezi ya mfumuko itakapotoka, mwandishi wenu apewe shilingi 1,000, asiende na kitambulisho wala kamera, aende saa kumi na mbili asubuhi sokoni akanunue mafungu mawili ya nyanya. Azihesabu, aziweke kwenye mizani, kisha mchapishe picha yake ukurasa wa kwanza pembeni ya ile asilimia. Ile iliyopondeka igeuzwe ionekane. Akikosa mizani aje kwangu, ninayo ya shule, haijawahi kudanganya. Mjukuu atamsindikiza, sasa hivi anawajua wauzaji wote.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro