Jina la Jean Purdy limeachwa katika chemsha bongo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie chemsha bongo ya kila siku ambayo gazeti lako limeanza kuichapisha kuhusu historia ya tiba ya uzazi. Kwanza nakupongezeni kwa dhati, kwani hapa Wete swali la siku huandikwa kwa chaki kwenye ubao wa barza yetu tangu asubuhi, na watu ambao hawakuwahi kulitaja jambo la kukosa mtoto mbele ya wenzao sasa hulijadili mpaka adhana ya adhuhuri.

Hoja yangu inahusu majibu. Mliuliza ni nani waliofanikisha kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama, na siku ya pili mkachapisha majina mawili na mwaka: daktari Patrick Steptoe na mwanasayansi Robert Edwards, 1978. Ni kweli kwamba Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai mwaka huo, lakini walioifanya kazi ile walikuwa watatu. Wa tatu ni Jean Purdy, muuguzi aliyejiunga na Edwards huko Cambridge mwaka 1968, akajifunza kazi ya maabara, na kwa miaka kama 10 akawa anasafiri naye kwenda na kurudi Oldham, akiyatunza mayai na viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, kwa mikono yake. Anatajwa kuwa ndiye wa kwanza kukiona kwa hadubini kiinitete kilichokuja kuwa Louise kikianza kugawanyika. Wakuu wa afya wa Oldham walipotayarisha kibao cha kumbukumbu, Edwards mwenyewe aliwaandikia kuomba jina la Purdy liwemo, na halikuwekwa. Alifariki mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 39, na kibao chenye majina yote matatu kikaja kuwekwa 2015. Sisi tuliozeeka katika ukunga na uuguzi tunaumia kuona jina lile likiachwa tena, tena katika gazeti linalosomwa na wanafunzi wa uuguzi wa Unguja na Pemba.

Wapo pia wasiotajwa kabisa. Tangu 1969 hadi 1978, wanawake 282 walijitolea kwa matibabu hayo ya majaribio, wengi wao wakapenyezewa vifaa tumboni ili kutolewa mayai, na watoto waliozaliwa wakawa 2 tu. Waliobaki walirudi makwao bila ya mtoto, na elimu iliyopatikana kwao ndiyo inayowanufaisha wengine mpaka leo.

Jibu jingine lililonisikitisha ni lile la "Brussels, 1992", ambalo barzani lilipita kama jina la mji tu. Madaktari wa huko ndio waliotangaza mwaka huo kwamba wamepata mimba kwa kuidunga mbegu moja ya mwanamume ndani ya yai, njia inayowafaa hasa wanandoa ambao mbegu za mume ni chache au dhaifu. Katika kazi yangu nimewaona wanawake wakiachwa, wakiletewa mke mwenza, wakizungushwa kwa waganga kutoka Micheweni mpaka Mkoani, hali ya kuwa mume hajapimwa hata mara moja. Mistari miwili ya maelezo chini ya jibu lile ingewafikia waume ambao hawataki kukanyaga kliniki.

Naomba pia liulizwe swali ambalo kwetu ndilo la mwanzo, nalo ni hukumu ya dini. Mwezi Machi 1980 Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa iliyoiruhusu tiba hii ya kutunga mimba nje ya mwili baina ya mume na mke waliomo katika ndoa, bila ya kuingizwa mbegu wala yai la mtu mwingine. Watu wengi hapa hawana habari nayo, na wapo wanaoogopa hata kumuuliza daktari.

Kwa hiyo ninaomba kila jibu lichapishwe pamoja na aya moja ya maelezo, hata ikibidi maswali yapunguzwe yawe matatu kwa wiki, na jibu la mwaka 1978 lirudiwe likiwa na majina yote matatu.

Mkunga mstaafu,
Wete, Pemba